Zana za kudeploi zinaijua web tu, vibarua wa nyuma tunawapandishaje?

uani_kwa_seva (mleta uzi)

Wakuu habari zenu. Uzi huu mrefu, mwenye haraka aruke mpaka kwenye kodi (msimbo wa programu), ila nahisi humu kuna watu wana tatizo hili na hawajui kama wanalo, maana mi mwenyewe nilikaa nalo deploi saba nzima (deploi ni kupandisha kodi mpya kwenye seva) nikidhani mambo safi.

Kwanza tukubaliane majina. Ile prosesi inayokaa nyuma ya seva, haina ukurasa, haina porti, haijibu mtu, shughuli yake ni kuvuta kazi kwenye foleni na kuzifanya, mi naiita kibarua. Kutuma barua pepe, kupunguza ukubwa wa picha, kutengeneza ripoti, hizo zote za kibarua. Web inapokea wageni mlangoni, kibarua yuko uani.

Natumia Capistrano, zana ya kudeploi. Ya siku nyingi, najua, ila inanitosha na sijaona sababu ya kuhama. Kwa asiyeijua, kila ukideploi inatengeneza folda mpya ndani ya `releases` yenye jina la tarehe na saa, halafu simlinki (njia ya mkato inayoelekea folda nyingine) inayoitwa `current` inageuzwa ielekee kwenye hiyo folda mpya, na vile vitu visivyotakiwa kupotea vinakaa kwenye `shared`. Matoleo matano ya mwisho yanabaki, mengine yanafutwa. Ukiharibu unageuza simlinki inarudi ya jana. Kwa web hii kitu ni tamu sana.

Sasa kibarua wangu ni skripti ya Ruby inayovuta kazi kutoka Redis, hifadhi ya haraka inayoshika foleni. Nilimuunganisha kienyeji, mistari miwili tu mwishoni mwa deploi:

```
kill -TERM $(cat tmp/pids/kibarua.pid) || true
nohup bundle exec ruby kibarua.rb >> log/kibarua.log 2>&1 < /dev/null & echo $! > tmp/pids/kibarua.pid
```

Mwenye jicho ameshaona. Folda ya `log` nilikumbuka kuiweka kwenye `linked_dirs` (orodha ya folda ambazo matoleo yote yanashirikiana) ikakaa `shared`, `tmp/pids` yenye faili la namba ya prosesi (PID) ya kibarua nikaisahau. Kwa hiyo kila toleo jipya lilikuja na `tmp/pids` tupu, `cat` inatafuta faili haioni, `kill` haina wa kumuua, na ile `|| true` niliyoiweka siku ya kwanza ili deploi isikwame ikawa inameza kosa kimya kimya. Halafu mstari wa pili unawasha kibarua mpya. Yule wa zamani hajaguswa, anaendelea kupiga kazi.

Deploi ya saba ndo nilibadilisha fomula ya ripoti. Kwenye web namba mpya zinaonekana vizuri, ripoti zinazotoka kwenye foleni moja sahihi, nyingine ya fomula ya zamani, nyingine ya zamani tena, nyingine haitoki kabisa, inaanguka na `No such file or directory` wakati kiolezo chake nakiona kwa macho yangu kipo kwenye `current`. Nikapoteza nusu siku natafuta bagi kwenye fomula. Mwisho nikapiga `ps` na hapo ndo nikachoka. Vibarua saba! Nikaanza kuwakagua mmoja mmoja:

```
$ ls -l /proc/48213/cwd
... /proc/48213/cwd -> '/srv/app/releases/20240311184502 (deleted)'
```

Lile neno la mwisho kwenye mabano ndo jibu lote. Prosesi ikiwashwa ukiwa ndani ya `current`, kernel haikumbuki jina `current`, inashika folda yenyewe ambayo simlinki ilikuwa inaelekea saa ile. Ukigeuza simlinki baadaye, prosesi haina habari. Ndo maana mmoja alikuwa na fomula mpya, wanne wako kwenye matoleo ya zamani ambayo bado yapo kwenye diski, na wawili wamesimama kwenye folda zilizokwisha kufutwa, kila wakitafuta kiolezo hawakioni. Saba kamili. Na deploi zote saba zilikuwa za kijani.

Kosa langu, zana haina hatia, siisingizii. Ila lilinifanya nikae niwaze hizi zana zinaamini nini. Nyingi zimetengenezwa na watu wa web, kwa hiyo kichwani mwao kitu kilichopandishwa kina mlango, unagonga, kikijibu 200 basi kiko hai. Kibarua hana mlango wa kugonga. Ukiondoa mlango inabidi ujibu upya nani anamwamsha akifa, anaambiwaje aache kazi bila kuitupa chini aliyoishika, na unajuaje kweli ni toleo jipya. Hilo la tatu ndo limeniumiza na ndo watu wengi hawana jibu lake.

Sikufoki repo ya mtu, yaani kunakili kodi yake niibadilishe kivyangu (siyo kufoka, ingawa ukifoki utakuja kufoka pia). Nilichofanya ni kumtoa kibarua mikononi mwa zana ya deploi kabisa, nikamkabidhi systemd, msimamizi wa prosesi wa Linux:

```
# /etc/systemd/system/kibarua@.service
[Unit]
Description=Kibarua %i
After=network.target

[Service]
User=app
WorkingDirectory=/srv/app/current
ExecStart=/usr/local/bin/bundle exec ruby kibarua.rb
Restart=always
RestartSec=5
TimeoutStopSec=120
KillMode=mixed

[Install]
WantedBy=multi-user.target
```

Na upande wa Capistrano nikabaki na ndoano moja tu, yaani kazi inayojishika kwenye hatua fulani ya deploi:

```
namespace :kibarua do
  task :washa_upya do
    on roles(:kibarua) do
      execute :sudo, :systemctl, :restart, "'kibarua@*'"
    end
  end
end
after 'deploy:published', 'kibarua:washa_upya'
```

Angalieni nimeshika `deploy:published`. Hapo simlinki imeshageuka ila usafi wa kufuta matoleo ya zamani bado, ule unakuja kwenye `finishing`. `systemctl restart` inasubiri wa zamani atoke ndo irudi, kwa hiyo hakuna kibarua atakayefutiwa folda akiwa bado amesimama juu yake. Ukiishika mwishoni kabisa, yule anayemalizia kazi unaweza kumvutia mkeka miguuni.

Hilo la kujua toleo nitaliandika chini, kwanza niwasikie. Nani ana njia nyingine?

---

signali15

Mkuu uzi mzuri, ila hiyo nyota yako kwenye `kibarua@*` itakuja kukuumbua. Nyota kwenye systemctl inashika yuniti (huduma) zilizopo kwenye kumbukumbu ya systemd tu. Kibarua namba 3 uliyemzima kwa mkono wiki iliyopita ukasahau, hatoguswa, na amri itarudi bila kulalamika, yaani umetoka kwenye `|| true` ukaingia kwenye ndugu yake. Wataje kwa majina, `kibarua@1 kibarua@2`. Hivyo hata sudoers, orodha ya nani anaruhusiwa amri za msimamizi, inakuwa nyembamba, unamruhusu yule yuza wa deploi amri hiyo moja tu neno kwa neno bila nywila, hutaki awe na sudo ya kila kitu.

Lingine ni muda wa kuaga. Watu wengi hawajui kila tabaka lina saa yake na hazipatani. systemd usipoigusa inasubiri sekunde 90 baada ya SIGTERM (ishara ya kuiomba prosesi iage) ndo inapiga SIGKILL (ya kuiua papo hapo). Supervisor, msimamizi mwingine wa prosesi, sekunde 10. `docker stop`, inayozima kontena (programu iliyofungwa pamoja na mazingira yake), kwenye Linux 10. Kubernetes, ya kuendesha kontena nyingi, 30. Sidekiq, maktaba ya Ruby ya vibarua, yenyewe kwa ndani inajipa 25, zikiisha inazirudisha Redis kazi ambazo hazijaisha halafu inajizima. Sasa weka Sidekiq ndani ya kontena ukaacha zile 10 za Docker, Sidekiq inahesabu mpaka 25 ikiamini ina muda, kwenye sekunde ya 10 inakatwa kichwa, kile kipengele cha kurudisha kazi hakijafikiwa. Kazi imepotea hivyo hivyo, na kwenye logi huoni kosa lolote kwa sababu aliyekufa hakuwahi kuandika. Dalili pekee ni namba ya kutokea 137, maana yake 128 jumlisha 9. Ukiona 143 hiyo ni 128 na 15, aliondoka kwa TERM.

Kanuni yangu, saa ya ndani iwe fupi kuliko ya nje, siku zote. Programu 25, nje mpe 40.

---

uani_kwa_seva

Nyota nimekubali, naibadilisha leo leo. Asante kaka.

---

haraka_haraka

Sasa wakuu mbona mnajitesa, si mhamie Kubernetes yaishe?

---

signali15

Hamia, kule pia kibarua hana mlango 😂 Bado utaandika mwenyewe probu ya kumjua kama yuko hai, na bado utakuwa na zile sekunde 30. Shida haihami kwa kuhama nyumba.

---

dada_kontena

Mimi niko upande wa Kamal, zana ya kudeploi kontena, hii iliyokuwa inaitwa MRSK wakabadilisha jina 2023. Kumpandisha kibarua ni rahisi kuliko huko kwenu, unaweka jukumu la pili kwenye faili la mipangilio na amri yake:

```
servers:
  web:
    - 10.0.0.5
  kibarua:
    hosts:
      - 10.0.0.6
    cmd: bundle exec ruby kibarua.rb
```

Picha ya kontena ni ile ile moja, kinachotofautiana ni amri ya kuanzia tu. Na kontena jipya ni folda mpya, kwa hiyo ule ugonjwa wa `(deleted)` haupo.

Ila anachosema mleta uzi kuhusu mlango nakiona hata huku. Jukumu la web linapita kwenye proksi (mpokea maombi wa mbele), proksi inagonga `/up` mpaka ijibiwe ndo inahamisha wageni. Jukumu ambalo haliko nyuma ya proksi, na kontena halina ukaguzi wake wa afya, Kamal inaangalia kama linakimbia, inasubiri `readiness_delay` ambayo ni sekunde 7, bado linakimbia, basi limepita. Sekunde saba! Kibarua wangu anachukua sekunde kumi kupakia kodi yote halafu ndo anagundua nywila ya Redis imekosewa na kufa. Deploi ishamaliza, imeshangilia, imeenda. Nilipandisha mpaka 20, siyo dawa lakini inakamata vifo vya utotoni.

Na wenye kontena hakikisheni skripti yenu ya kuanzia. Yangu ilikuwa hivi:

```
#!/bin/sh
./andaa_mazingira.sh
bundle exec ruby kibarua.rb
```

Inaonekana haina dhambi. Kumbe sheli ndo imekuwa PID 1 (prosesi ya kwanza ya kontena), kibarua ni mtoto wake, `docker stop` inampelekea TERM sheli, na sheli haimpitishii mtoto. Tena kwa vile ni PID 1 na haijaandikiwa cha kufanya ikipata TERM, kernel haiiui. Kwa hiyo sekunde zote za kuaga zinaisha watu wanatazamana, halafu wote wanapigwa KILL. Dawa ni neno moja mbele ya mstari wa mwisho:

```
exec bundle exec ruby kibarua.rb
```

Sheli inajigeuza kuwa kibarua mwenyewe, TERM inamfikia. Nilikaa miezi na kontena linalochukua sekunde kumi kamili kuzima kila mara nikidhani ndo kawaida yake. Kitu kikichukua sekunde kumi kamili kila siku bila kupungua wala kuongezeka hiyo siyo kawaida, hiyo ni saa ya mtu imeisha.

---

haraka_haraka

Dada hiyo ya mwisho umeniona mimi kabisa. Kontena zangu zote zinazima kwa sekunde 10. Nilikuwa naenda kunywa maji.

---

mzee_wa_viraka

Vijana, mi niongelee kufoki, maana mleta uzi amepita juu juu na mimi nimeungua.

Miaka ya Capistrano 2 nilikuwa na mahitaji kama haya, nikafungua kodi yake nikabadilisha kama mistari arobaini hivi, nikawa na toleo langu, linajua vibarua, linawazima kwa zamu, zuri kweli kweli nilijisifu. 2013 likatoka toleo la 3 ambalo lilijengwa upya juu ya Rake (zana ya Ruby ya kuandika kazi), namna ya kuandika kazi imebadilika, vitu vya ndani nilivyovishika havipo tena. Wenzangu waliotumia ndoano za kawaida walihama kwa jasho kidogo. Mimi mistari yangu arobaini ilikuwa imeshika maini ya kitu, haikuwa na pa kwenda. Nikabaki toleo la 2 muda mrefu kuliko ninavyopenda kusema hadharani.

Leseni za hivi vitu zinaruhusu, Capistrano ni MIT, Kamal ni MIT, unaruhusiwa kukatakata unavyotaka mradi tamko la hakimiliki libaki kwenye nakala. Kuruhusiwa siyo shida. Shida ni kwamba siku ukifoki umeajiriwa, mwajiri ni wewe na mshahara haupo. Kama ndoano haitoshi, andika plagini. Plagini haitoshi, wapelekee kiraka (badiliko dogo la kodi) wenyewe, kifupi, kinachobadilisha kitu kimoja, chenye jaribio lake. Mi viraka vyangu viwili vya mwanzo vilikataliwa kwa sababu nilibadilisha mambo matatu kwa mpigo, cha tatu kilikuwa na mistari sita kikaingia.

---

foleni_ndefu

Wote mnaongelea prosesi, hakuna aliyegusa kilichomo ndani ya foleni, na mi ndo kinachonikosesha usingizi.

Web ukiipandisha ombi la zamani limekwisha, la jipya linakuja kwa kodi mpya. Foleni haiko hivyo. Foleni ina kazi zilizoandikwa na kodi ya jana zinazosubiri kufanywa na kodi ya leo. Nilikuwa na kazi `tuma_ripoti(mteja_id)`, nikaibadilisha ikawa `tuma_ripoti(mteja_id, mwezi)`, nikadeploi, vibarua wote wakawaka upya vizuri, safi kabisa, wakaanza kushika zile za zamani zenye hoja moja na kuanguka moja baada ya nyingine. Nikasema sawa, foleni ikiisha itatulia. Ikaisha, ikatulia. Halafu baada ya wiki mbili na ushee kosa lile lile likarudi!! Nikadhani nimepagawa.

Kumbe Sidekiq kazi ikianguka inairudia mpaka mara 25, na kila mara inasubiri zaidi ya mara iliyopita, ukijumlisha ni kama siku 20. Kwa hiyo kazi iliyoandikwa na kodi ya kale inaweza kukuibukia karibu wiki tatu baadaye kama mdai uliyemsahau. Siku hizi hoja mpya naipa thamani ya kuanzia, `mwezi = nil`, na ndani ikiwa nil nafanya kama zamani, na huo msamaha nauacha mwezi mzima ndo naufuta kwenye deploi nyingine.

Na mpangilio wa nani aanze. Ukiongeza aina mpya ya kazi, vibarua wapande kwanza, web baadaye, la sivyo web itaweka kazi ambayo hakuna anayeijua. Ukiondoa aina ya kazi ni kinyume, web iache kwanza kuiweka, foleni ikauke, ndo uifute kwa vibarua. Hizi zana zikikutana na `deploy` zinapandisha wote pamoja, kwa hiyo mi nimegawa majukumu mawili na naendesha mara mbili. Usumbufu kidogo, ila nalala.

---

uani_kwa_seva

Duh, hiyo ya siku 20 sikuwahi kuipigia hesabu. Mi kwangu marudio ni matano tu kwa hiyo sijakutana nayo, ila naichukua.

---

mgeni_wa_php

Habari wakubwa, naomba kuuliza kwa heshima, mi niko Laravel, mfumo wa PHP, natumia Deployer, zana ya kudeploi, muundo ni ule ule wa releases na current. Nikideploi naendesha `php artisan queue:restart` na inaniambia imetuma. Ila vibarua hawabadiliki. Na nilifundishwa PHP inasoma kodi upya kila ombi, kwa nini hawa hawasomi?

---

signali15

Karibu. PHP ya web ndo inaanza upya kila ombi. `queue:work` ni prosesi moja inayokaa hai muda wote, kodi imeshapakiwa, faili zikibadilika haina habari, sawa na Ruby ya mleta uzi.

Sasa `queue:restart` haimgusi mtu. Inaandika tu muda wa sasa kwenye kashe (hifadhi ya muda), na kila kibarua akimaliza kazi anachungulia kashe, akiona muda umebadilika anajiondokea. Hapo kuna mitego miwili. Wa kwanza, ukiwa na kashe ya faili na folda yake ya `storage` haiko kwenye shared, basi umeandika kwenye folda ya toleo jipya na vibarua wanachungulia ya kwao ya zamani. Unaacha ujumbe chumba hiki wao wako chumba kingine. Wa pili, kibarua akijiondokea lazima kuwe na wa kumrudisha, Supervisor au systemd, vinginevyo ameaga moja kwa moja.

Angalia `CACHE_DRIVER` yako, au `CACHE_STORE` kama ni Laravel 11 kwenda mbele.

---

mgeni_wa_php

Ni `file` na storage haipo kwenye shared 🙈 nahamishia Redis.

---

uani_kwa_seva

Haya, sasa lile la kujua toleo nililoahidi.

Wazo langu ni kwamba deploi isiwe ya kijani mpaka vibarua wenyewe waseme wao ni nani. Simlinki hainiambii kitu, systemd ikisema `active` inaniambia kuna prosesi, basi. Capistrano inaandika faili la `REVISION` ndani ya kila toleo lenye namba ya kodi iliyopandishwa. Kibarua anaisoma, na kila sekunde 15 anaandika Redis mapigo yake, jina la seva na PID na hiyo namba, yenye uhai wa sekunde 60 ili akifa jina lake lijifute lenyewe. Deploi ikishawasha upya inakaa kusoma hizo funguo mpaka dakika mbili, inataka idadi ya vibarua itimie na asiwepo hata mmoja mwenye namba ya zamani. Asipotimia, deploi inafeli kwa kelele.

Toleo la kwanza la hiki kitu nililiandika hivi, chekeni tu:

```
redis.set(ufunguo, File.read('/srv/app/current/REVISION').strip, ex: 60)
```

Yaani kila sekunde 15 anasoma `current`. Nikamwacha kibarua wa zamani makusudi nijaribu, nikageuza simlinki, na yeye akaanza kutangaza namba mpya kwa kujiamini kabisa. Nimejenga mashine ya kudanganya. Namba inasomwa mara moja, kodi inapopakiwa, na kwa njia ya faili lenyewe siyo ya `current`:

```
TOLEO = File.read(File.join(File.realpath(__dir__), 'REVISION')).strip
```

---

dada_kontena

Hii naiba. Kwangu namba ya toleo naichoma ndani ya picha wakati wa kujenga, kwa hiyo hawezi kudanganya hata akitaka. Swali tu, mapigo unayaandika kutoka uzi gani? Uzi wa prosesi (thread) namaanisha, siyo huu wetu 😅

---

uani_kwa_seva

Uzi wa pembeni, kazi ikiwa ndefu uzi mkuu hauwezi kupiga kila sekunde 15.

---

dada_kontena

Ndo nilichokiogopa. Uzi wa pembeni utaendelea kupiga mapigo hata kama uzi mkuu umeganda unasubiri jibu la mtandao lisilokuja. Moyo unadunda, mtu haamki. Ongeza kwenye mapigo saa aliyoshika kazi ya mwisho na jina la kazi. Ukiona kazi ya kawaida ya sekunde tano imeshikwa tangu dakika arobaini zilizopita unajua huyo ni wa kuangaliwa.

---

uani_kwa_seva

Nimeongeza, mstari mmoja tu. Na kwa kweli hiyo ndo imekuwa inanisaidia zaidi kuliko namba ya toleo, maana toleo ni siku ya deploi ila kuganda ni siku yoyote.

---

foleni_ndefu

Kidogo kabla uzi haujazama. Mwenye ratiba, yaani prosesi inayoweka kazi kwenye foleni kwa saa maalum, asimuweke kwenye kundi la vibarua. Vibarua kumi ni sawa, wapanga ratiba wawili ni barua pepe mbili kwa kila mteja. Na zana inayowasha mpya kabla ya kuzima wa zamani, ambayo kwa web ndo sifa, kwa huyu ni balaa, dakika hiyo wako wawili. Mi nampitisha kwenye `flock -n`, wa pili akikuta kufuli limeshikwa anaondoka, systemd inamrudisha mpaka kufuli liachiliwe. Ila hiyo ni seva moja tu, ukiwa na seva mbili kufuli liwe Redis au kwenye hifadhidata.

---

signali15

Na akiondoka akirudi haraka haraka systemd itamchoka, mara tano ndani ya sekunde kumi inaacha kabisa kumwamsha. `RestartSec=5` inakuokoa hapo.

---

haraka_haraka

Wakuu nimerudi. Nimefanya ile ya `/proc` kwenye seva moja ya zamani tusiyoigusa sana, ina muundo wa releases. Nilitegemea kibarua mmoja. Wako watatu, mmoja yuko current, wawili wameandikwa `(deleted)`. Mmoja kati ya hao wawili `ps` inasema yuko hai siku 212. Niwapige `kill -9` wote wawili?

---

uani_kwa_seva

Taratibu mkuu! Anza na `-TERM`. Na huyo wa siku 212 kabla hujamgusa hata kwa TERM angalia ameshika nini, `ls -l /proc/PID/fd` uone kama ana soketi au faili wazi, halafu `strace -p` dakika moja uone kama anavuta foleni au amelala.

---

haraka_haraka

Anavuta. Yaani huyu mtu anafanya kazi za wateja mpaka leo na kodi ya siku 212 zilizopita. Nimempiga TERM.

Amemaliza aliyoishika, kama sekunde nne hivi, ameandika kwenye logi "naondoka" na ameondoka. Hata mwenzake hakufanya vizuri hivyo.